Kiti cha Bi Siwema

Tuko ishirini na wanne, ishirini na tano pamoja naye,
na daftari la michango nimepewa mimi
kwa sababu, wanasema, nina mkono wa birika.
Nimetumwa kutafuta chumba.
Si ukumbi. Ukumbini kuna harusi ya watu nyuma ya pazia,
na mshereheshaji wao atatupigisha vigelegele
kwa bibi harusi tusiyemjua.
Chumba. Chenye mlango. Chenye meza moja ndefu.

Jumamosi ya kwanza, Mikocheni.
Meneja ananukia vizuri kuliko chakula chake.
Ananionyesha viti vya ngozi, taa zinazobadilika rangi,
kisha ananong'ona, kama mtu anayetaja ugonjwa,
kiwango cha chini cha matumizi.
Nagawanya kwa ishirini na tano. Nagawanya tena.
Naondoka bila kunywa maji yake.

Kariakoo, ghorofa ya nne: pilau la kusimuliwa,
lakini lifti imelala tangu Mfungo Sita,
na goti la Bi Siwema halina deni na ngazi za mtu.

Sinza, bei inaongeleka,
ila ng'ambo ya ukuta ni baa, na baa ina mpira.
Mwalimu Lyatuu angefurahi.
Mwalimu Ngwilizi, asiyekaa penye chupa,
angetuma mchango, na udhuru juu yake.

Usiku simu inatetemeka mpaka inaanguka kitandani.
*Kwani tukifanyia darasani kuna ubaya gani?*
anaandika mtu ambaye hajatoa hata shilingi.
Naandika jibu, nalifuta. Naandika, nalifuta.

Darasani!
Hatua kumi na nne kutoka jiko la kuni
alilolipulizia miaka thelathini na moja,
akipakua uji kwa watoto wa Keko,
akipakua maharage, akituwekea na sisi ukoko tulioupenda,
halafu yeye akila wima,
sahani juu ya pipa,
jicho moja kwenye sufuria.
Nimejaribu kumkumbuka akiwa amekaa.
Nimepata mara moja tu, msibani kwa dada yake,
na hata hapo alikuwa anamenya vitunguu.

Basi Jumamosi ya tatu swali langu likabadilika.
Sikuuliza tena viti vingapi, spika kubwa kiasi gani.
Niliuliza: jiko liko wapi?
Wahudumu wakanitazama kama bwana afya,
mmoja akaficha kitambaa mgongoni.

Upanga, nyuma ya duka la dawa,
nyumba ya zamani, sakafu nyekundu iliyosuguliwa ikang'aa.
Shirinbanu anapika kwa oda tu, kundi moja kwa siku.
Feni mbili, moja inalalamika.
Samaki wa kupaka, wali, kachumbari; soda tuje nazo.
Jenereta ipo, anasema, ila ina kiburi.
Jiko liko uani, ng'ambo ya kamba za nguo.

Nikaketi kichwani mwa meza,
nikajaribu kusikiliza kwa masikio yake.
Mwiko. Mfuniko. Kimya kifupi.
Kisha harufu nyembamba, ikipita katikati ya mashuka,
ya wali unaoanza kushika chini,
na mimi, mwalimu wa hesabu,
nisiyeweza kuchemsha yai,
nikajikuta nimesimama.

Nikalipa arbuni.
Risiti akaiandika nyuma ya kalenda ya mwaka jana.
Nikamwomba mambo mawili:
siku hiyo dirisha la uani lifungwe,
na kile kiti kizito, chenye mikono,
kisukumwe mpaka kiguse ukuta.
Sisi tutakaa kushoto na kulia kwake,
tumebanana, viwiko kwa viwiko,
asipate pa kupitia.