Yungiyungi la Kibuye

Mwalimu alisema: fumba macho,
ona yungiyungi, jeupe, likipasua maji.
Nikafumba. Nikaona gugumaji.
Zambarau, kaidi, limeziba ghuba yote
kuanzia Dunga hadi gatini.

Om mani padme hum.

Mimi Apondi, mchomeleaji,
Kibuye, nyuma ya wauza magodoro.
Mwanga wa macho yaliyofumbwa naujua:
lile doa la kijani ukisahau miwani,
linakufuata hadi kitandani Manyatta
kama mdai.

Om mani. Johari, akasema, imo ndani ya ua.
Padme. Mate yamenikauka.
Nje mbwa wa Mama Abira anabweka,
na Ogweno, shemeji, anaingia bila hodi
na jenereta yangu aliyoiuza Ahero
akaapa imeibwa.

Usimfukuze, alisema mwalimu. Mkalishe.
Haya, kaa, mwizi wee.
Kaa hapo juu ya gugumaji, tuone kama litakubeba.

Hum.

Mara mia na nane, kwa shanga za nati ndogo
nilizozitunga mwenyewe kwenye waya.
Wiki ya tatu alikuwa bado hajazama.
Wiki ya tano niliona viatu vyake:
cha kushoto kimetoboka.

Sijamsamehe. Nisidanganye.
Lakini jana, nikiunga lango la kanisa,
mkono haukutetemeka,
mshono ukatoka laini kama ukingo wa kikombe,

na usiku, kati ya yale majani mazito,
kitu cheupe
kilikuwa kinajaribu.