Kipima Pumzi, Usoke

Nesi Kalekwa hana haraka.
Anakung'uta mshale urudi sifuri,
anachomeka kibomba kipya cha karatasi.
"Simama wima, Mihayo. Vuta hewa mpaka tumboni.
Haya, puliza, kana kwamba unazima koroboi
iliyo kwa jirani."

Mia na ishirini.
Tena. Mia na thelathini. Tena.
Mwanangu anacheka, anakohoa;
kifuani mwake kuna paka anakoroma.

Pampu mara mbili, kupitia chupa ya maji iliyotobolewa.
Tunangoja robo saa. Barazani wanapima wachanga,
mmoja ananing'inia kwenye mizani, anatukana kwa lugha yake.

Mia na themanini na tano!
Nesi anaandika kwenye daftari la mistari,
kisha ananusa.
Shati langu limelala banini.
Tumbaku bado inakauka, kuni bado zinawaka,
na deni la mbolea halijui pumu.

Nangoja anisute.
Anabadili kibomba tu.
"Na wewe, baba."

Nikapuliza misimu yangu yote kumi na minne.
Mshale ukasogea, ukasita.
Mihayo akausoma kwa sauti,
tarakimu mojamoja, kama darasani:

mbili,
moja,
sifuri.