Darasa la Kongoti

Miaka kumi na mmoja nilizunguka na gari la matangazo,
spika mbili juu, betri chini ya miguu,
Kirumba hadi Kisesa: misiba, mechi, dawa ya kunguni.
Watu walisema nina sauti.
Nilikuwa na betri.

Sasa kila Jumamosi, nyuma ya mizani ya dagaa, Igombe,
nafundisha vijana tisa kusema mbele za watu
bila kipaza sauti, kwa sababu hatuna,
na kwa sababu nakijua kile kidude:
kinamkuza mtu, hakimkomazi.

Hadhira yetu ni kongoti.
Wamesimama juu ya magunia, makoti meusi, vipara,
kama wajumbe waliocheleweshewa posho.
Ukiwafurahisha hawapigi makofi,
ukiwachosha hawaondoki.
Namwambia Nkwabi: mtazame yule machoni,
mweleze kwa nini hujarudisha baiskeli ya watu.
Nkwabi anaeleza, kwa vituo, kwa adabu.
Kongoti anameza utumbo wa sangara.
"Ameelewa," anasema Nkwabi, nasi tunavunjika mbavu.

Masalu husema "balaza", husema "habali za asubuhi",
anajirekebisha, anajikwaa, anaketi.
Iache hiyo l, nikamwambia, ulimi una kwao.
Mimi wangu niliunyoosha ili nipate kazi,
na siku ya kumzika mama
nikamlilia kwa lafudhi ya tangazo.

Nafundisha nilichonacho:
mguu ukanyage kabla neno halijatoka,
pumzi ianzie chini ya kitovu,
mikono ionekane, mkono uliofichwa hushukiwa.
Ukisahau, usikohoe.
Hesabu mawimbi matatu.

Minza Bugumba hakuwahi kusimama.
Alikuja na ndoo, akakalia ndoo, akaondoka na ndoo.
Miezi minne.
Daftarini nilimwandika "msikilizaji",
nikadhani nimemhurumia.

Kisha ikaja habari ya mwamba,
ule mpana wa kuanikia dagaa,
kwamba umepata mnunuzi, utapondwa kokoto.
Mkutano uliitwa Jumatano saa nne, darasa la pili la shule ya msingi.
Mwenyekiti alisoma kama mtu anayevuka barabara:
"Kuna swali? Hakuna swali."

Mimi nilikuwa nalo.
Nimelipanga tangu usiku, lina kichwa, lina mkia.
Mikono yangu ilikuwa mifukoni.

Minza akapanda juu ya ndoo yake.
Mikono mgongoni, macho sakafuni,
kila nilichokataza.
Akafungua mdomo, hapakutoka kitu.
Watu wakaanza kuvuta viti.
Wimbi moja. Nililisikia, naapa, hadi mle ndani.
La pili.
La tatu.
"Mwangaluka," akasema,
na nani Igombe ataiacha salamu ining'inie hewani?
Chumba kizima kikaitikia,
mwenyekiti naye, na mnunuzi na ufunguo wake wa gari.
Wameshamjibu; ikabidi wamsikilize.

"Mama anaanika upande wa jua la asubuhi.
Shangazi, upande wa jioni.
Bibi alianika kabla sijazaliwa,
ndoo yake imeacha duara pale mwambani.
Naomba kuuliza tu:
hela mlizopokea ni za upande upi?"

Akashuka.
Hakusema "ahsanteni kwa kunisikiliza",
hitimisho lililonigharimu Jumamosi mbili.

Mwamba sijui utaishia wapi.
Karatasi ziko wilayani, nyundo zimelala kwa sasa,
dagaa wa leo wameanikwa, wanang'aa.

Lakini siku ile mwenyekiti alimfuata hadi nje:
"Binti, nani kakufundisha kusema hivyo?"
Mimi nilikuwa karibu. Nikaweka kola sawa.
Minza akainua macho juu ya bati la shule,
kwa vipara viwili vilivyokuwa vinaota jua.
"Wale," akasema,
akajitwika ndoo.