Nusu Kipenyo

Lifti yetu imekufa tangu Februari.
Nakaa ghorofa ya nne, mjini Łódź,
na goti langu la kushoto halisikii porojo.
Kwa hiyo mwaka huu sinunui mboji kwa macho.
Nanunua kwa hesabu.

Utepe wa fundi cherehani shingoni.
Vyungu vitano, sawasawa kama vifaranga vya bata:
mdomo sentimita thelathini, kina ishirini na tano,
nikiacha ukingo, maji yapate pa kusimama
kabla hayajazama.
Masanduku mawili ya roshani,
themanini kwa ishirini kwa kumi na nane.
Na ndoo ya rangi, lita kumi, imejiandika yenyewe ubavuni,
Mungu aibariki.

Udongo wa mwaka jana haujafa. Umechoka.
Nyanya ziliunyonya, barafu ikaugandisha,
ukiushika hauna neno la kukwambia.
Ukipewa robo ya mboji utaamka.
Haba na haba hujaza kibaba, sawa,
lakini dukani hawauzi kibaba:
mfuko ni lita ishirini, uchukue au uache.

Nikamkuta Ksawery Wrona nyuma ya kaunta,
aproni ya kijani, kipara kinachoanza,
mwanafunzi wangu wa dawati la nyuma
mwaka ule wa mcheduara.
Akachomoa penseli sikioni, akaandika
pai, mara thelathini, mara thelathini,
akajumlisha, akagawa kwa nne.
Mwalimu, akasema, mifuko sita.

Sita!
Nikaiona ikipanda ngazi, vidato sabini na viwili,
goti likinitukana kwa kila mmoja.
Nikamwambia taratibu, kama zamani:
Nusu, Ksawery.
Nusu nini?
Nusu kipenyo.

Akaiva uso hadi masikioni.
Kosa lile lile, miaka ishirini na saba
limemngoja kama mbwa mlangoni.
Akafuta, akaanza upya, ncha ya ulimi nje:
kumi na tano mara kumi na tano.
Lita mia na hamsini na sita, kasoro tone.
Robo yake, thelathini na tisa.
Mifuko miwili, Mwalimu, inabaki lita moja.
Vema, nikasema,
nikamchorea vema hewani kwa kidole.
Akaibeba mwenyewe hadi kwangu
bila kupumzika hata ghorofa ya pili.

Jioni nikachanganya, matope hadi viwiko,
nikajaza, nikasawazisha kwa kiganja;
ile lita moja nikampa jirani, Bi Pelagia, kwa mnanaa wake.
Nikamwagilia.

Udongo ukashusha pumzi.
Ukashuka, chungu baada ya chungu, vidole viwili,
kama mtu aliyesimama kutwa
akapata kiti.

Hili halimo kwenye mcheduara.
Miaka thelathini na minne nilifundisha vyombo vitupu
au vilivyojaa maji, vitu vitiifu.
Sikufundisha kitu kinachojikunja kikilowa.

Kesho napanda tramu hadi upande wa pili wa mji,
kwenye duka ambako hakuna aniitaye Mwalimu,
ninunue mfuko wa tatu.
Nitaupandisha kidogo kidogo, kwa ndoo.

Ksawery asiambiwe.