Kioo cha Zahanati

Walikileta Jumanne, kimefungwa kama jibini ya sikukuu,
kijana wa wilaya, viatu vyake havijawahi kukanyaga tope,
akasema: Bibi Hermitas, sasa daktari atakuja kwako bila kuja.
Nikampa kahawa. Alipoondoka
nikakifunika kile kioo kwa kitambaa cha vyombo.

Wiki tatu kilikaa pale, kati ya vitunguu na picha ya Delmiro.

Huko Lugo wanaulizana: anaogopa mitambo?
Mimi, niliyeendesha trekta enzi wanaume wote wakibeba zege Zurich,
niliyechinja nguruwe kwa mikono hii?
Siogopi kitu kinachowaka taa.
Naogopa Uxía asije tena.

Maana muuguzi akija Alhamisi hupima presha, sawa,
lakini hunusa pia: hujua supu imelala siku ngapi,
huona kuni zimepungua,
hubonyeza kifundo cha mguu kwa kidole gumba,
kishimo hubaki, naye hunyamaza.
Kioo kitabonyeza nini?

Tena kinanisemesha Kikastilia,
lugha ya karani na hakimu.
Kifua changu hubana kwa Kigalisia.
"Kiwango cha maumivu, moja hadi kumi."
Hili la usiku, kama mtu aliyekalia godoro upande wa pili,
ni ngapi?

Na herufi zake kama mbegu za kabichi.
Na kidole changu kikavu: nagusa, hakisikii,
nagusa, hakisikii,
kana kwamba nimeshakufa na sijaambiwa.

Januari theluji ikafunga barabara.
Alhamisi ikapita bila Uxía.
Jioni simu ya ukutani ikalia, ni yeye, kwa lugha yetu:
Kilambe kidole, mama, kama unafunua misale.

Nikakilamba.

Akatokea, nywele hazijachanwa,
nyuma yake sufuria inafurika, mtoto analia.
Inua mguu, akasema. Nikaupandisha mezani, penye mkate;
mbele ya daktari mwingine ningekufa kwa haya.
Bonyeza mwenyewe.
Nikabonyeza. Kishimo kikabaki.
Tukakitazama wote wawili, bila neno,
mpaka kilipojaa.

Kitambaa kimerudi kwenye vyombo vyake.
Lakini theluji ikiyeyuka, Uxía,
kahawa ipo.
Mguu huu haujui kwamba umeshaonwa.