Pima Moja Pungufu

Msimu huu nilitundika mizinga kumi na miwili
msituni Ipole. Kumi na mmoja pale alipopanda baba,
kwenye miyombo yenye makovu ya kamba zake.
Wa kumi na mbili kamba ilinigomea:
imepungua pima moja, na alasiri imeshainama.
Nikaufunga chini, kwenye mninga uliopinda,
mahali ambapo hata nyegere angefika bila kujinyoosha,
nikaondoka bila bismillahi.

Nyuki wakaikataa ile kumi na mmoja.
Wakaingia ule mmoja.
Asali nyeusi, nzito, ndoo mbili na nusu,
na nyegere hakuonekana mpaka mvua.

Tangu hapo silali.
Tumefundishwa kwamba Mola huwafunulia nyuki pa kujenga.
Basi na kamba je? Nayo iliandikwa ubaoni
kabla ya mti, kabla ya Tabora, kabla ya mkono huu?
Na kama iliandikwa, mkono wangu ni nini,
kalamu, au wino, au doa tu la wino?

Alhamisi, Isevya, zikri imekwisha,
vifua bado vinafuka,
nikamngoja Bi Mkasiwa binti Feruzi akunje mkeka.
Yeye hushika halaka ya wanawake usiku,
mchana hupima chumvi ya Uvinza kwa kibaba.
Nikamwaga yote: Lauhi, kadari, hiari,
maneno niliyookota darasani na mengine redioni.
Alisikiliza huku akitafuta kandambili yake ya pili.
"Kamba uliinunua kwa nani?"
"Kwa Lumole, Kipalapala."
"Ulimlipa?"

Nikatazama taa.

"Kalamu imeshakauka, mwanangu,
lakini deni lako bado bichi."

Kesho yake asubuhi nikapanda baiskeli.
Kwenye njia panda nikasimama, mguu mmoja chini.
Kushoto nyumbani, matobolwa na karanga mezani.
Kulia Kipalapala.
Nilisubiri kusukumwa, kweli nilisubiri,
kama mtu anayesubiri chafya iliyokwama.
Likapita lori la tumbaku, likanipaka vumbi, basi.
Nikakata kulia.

Lumole alikuwa akisokota katani pajani.
Akazihesabu noti mara mbili, akacheka.
"Nilijua hutalipa. Nilikujua tangu ulivyoiomba.
Ndiyo maana niliipunguza pima moja
ulipogeuka kufunga mzigo."

Jua utosini, nimesimama.
Ubahili wangu. Kisu chake. Mninga uliopinda.
Nyuki ambao siku ile walikuwa bado hawajazaliwa.
Kamba moja, na kila unyuzi
unaapa kwamba umejisokota wenyewe.

"Na leo," nikamuuliza, "ulijua nitakuja?"

Akarudisha katani pajani.
"Leo? La. Leo umenishinda."

Njiani kurudi nilicheka peke yangu kama mwehu,
nikamwambia Yule asiyeshindwa:
Wewe ulijua. Ulinijua pale, mguu chini.
Uliijua na ile njia ya kushoto,
na mimi yule ambaye angeifuata,
na alichokula, na alivyolala.
Ukanyamaza.
Ulikuwa karibu kuliko mshipa wa shingo,
ukanyamaza, ukaniachia usukani.

Mnyororo ulilia. Kwa mbali, mjini,
adhana ya Ijumaa ilikuwa imeanza,
na mlima ulikuwa bado mbele.

Nikakanyaga.