Saa Iliyohesabu Mkono

Nilimvalisha mimi mwenyewe, mwezi wa tatu, mvua ya Tukuyu
ikipiga bati hadi maswali nikayasoma kwa kupaza sauti:
Kwa siku saba zilizopita, mama, ulimeza dawa siku ngapi?
Subilaga Mwaikenda akatazama viganja vyake.
"Dawa ipi? Ya sukari, ya presha, au ile ya miguu kuwaka moto?"
Fomu yangu ilikuwa na kisanduku kimoja.

Nikaandika nne. Nne ilienea.

Saa yenyewe ya mpira mweusi, haina mishale,
kazi yake mchana kuhesabu hatua, usiku kuhesabu usingizi.
Nikamwambia asiivue hata akioga.
Akacheka: "Hata pete ya ndoa sikupewa sharti hilo."

Wiki ya pili namba zikaingia.
Jumatatu, hatua elfu thelathini na moja.
Ofisini Daktari Lugano akasema, huyu ndiye mgonjwa wa mfano.
Nikaenda kumwangalia mfano huyo:
amesimama kwenye chai ya Katumba, kikapu mgongoni,
miguu haisogei ila unyayo kwa unyayo,
mikono inadonoa majani kama kuku aliyekuta mtama,
na saa inahesabu,
inahesabu.

Alhamisi, siku ya kliniki ya presha,
alishuka kilima, akapanda kilima,
debe la parachichi kichwani, auze apate nauli ya kurudi.
Mkono wenye saa ulishika debe, umetulia kama nguzo.
Saa ikaandika: hatua mia mbili na sita.
Mgonjwa alipumzika.

Sukari ni Jumanne. Presha Alhamisi.
Macho ni Ijumaa ya mwisho wa mwezi, daktari akija.
Mwili mmoja, milango mitatu,
na kila mlango una benchi lake na daftari lake
na mtu wa kukugombeza kwamba hujali afya yako.
Hilo nililiandika pembeni mwa fomu, kwa penseli.
Ya pembeni hayaingizwi kwenye kompyuta.

Andiko la kuomba fedha nalijua, kurasa sitini na nne,
mimi ndiye niliyetumwa kulitoa nakala.
Mlikuwa na fungu la saa, fungu la gari,
la mkutano wa kufungua na mkutano wa kufunga.
Nauli ya mgonjwa ilikuwemo kwenye rasimu ya kwanza.
Mfadhili akauliza: hii inapima nini?
Ikafutwa.
Sisemi kwa uchungu. Mshahara wangu ulitoka humo humo,
na msingi wa nyumba yangu umesimama juu yake.

Septemba fedha zikakata.
Tukazikusanya saa zote kwenye katoni ya sabuni.
Ya Subilaga ilimwachia mstari kwenye kifundo,
ngozi changa, kama ya mtoto.
"Kwa hiyo sasa sipimwi?"
"Utafiti umekwisha, mama."
"Na sukari nayo mmeiarifu?"

Desemba nilipita kwake, si kikazi, nilifuata ndizi za sikukuu.
Akanitolea chupa ya mafuta ya kula, imejaa maharage.
Jekundu, amemeza ya sukari.
La njano, ya presha.
Jeupe, siku alizokuwa nazo zote, na uji wa kuzisindikizia.
"Kisanduku chako kilikuwa kidogo," akasema,
kwa upole, kama anayemwambia mtu shati lake limembana.

Tukayamwaga kwenye ungo, tukahesabu mpaka chai ikapoa.
Meupe yalikuwa tisa.
Sikuwa na fomu. Hata kalamu sikuwa nayo.

Nikakuta moja limetobolewa na fukusi, nikataka kulitupa.
Akanishika mkono.
"Acha hilo. Nilililichagua makusudi.
Ni siku niliyokata kidonge katikati,
nusu yangu,
nusu ya Ngwitika wa hapo chini."